Kumbukumbu za kutotolesha vifaranga wa nyama: kaunta buku, Excel au programu ya kulipia?

mwanaPongwe
Wakuu, salaam kutoka Tanga. Kituo kina seta (mashine za kuatamia) tatu za mayai 4,800 kila moja na hacha (mashine ya kuangulia) moja. Kila Jumanne seta moja inajazwa, Jumamosi ya siku ya 18 mayai yanahamia hacha, Jumanne ya siku ya 21 vifaranga wanatoka. Mayai yanatoka mashamba mawili ya kuku wazazi. Kumbukumbu zote zimo kwenye kaunta buku: yaliyoingia, waliotoka, masanduku yaliyouzwa. Nalinganisha njia tatu: kuipanga upya kaunta buku, kuhamia Excel, au kulipia kila mwezi programu yenye vihisi vya joto. Utotoaji ukishuka, ipi itanionyesha kama kosa ni la shamba la wazazi au la mashine?

mtu_wa_seta
Mkuu, kwa safu za "yaliyoingia" na "waliotoka" hata programu ya bei mbaya haitakujibu. Tazama hesabu ya seta moja:

Yaliyoingia 4,800. Siku ya 10 ukiyamulika kwa taa, 432 hayana kitu. Vifaranga wa kuuza 4,032. Ukigawanya waliotoka kwa yaliyoingia unapata asilimia 84, na hapo ndipo wengi wanapoishia. Ukiyaita yote 432 "hayakuwa na mbegu", mbegu inasomeka asilimia 91 na utotoaji wa mayai yenye mbegu asilimia 92.3. Mashine inaonekana safi, lawama inakwenda kwa majogoo.

Sasa yapasue hayo 432. Tuseme 288 kweli hayakurutubishwa na 144 yalikufa siku za mwanzo. Mbegu inapanda hadi asilimia 94, utotoaji wa yenye mbegu unashuka hadi 89.4. Majogoo hawana kosa kubwa. Huenda mayai yaliharibikia njiani au stoo. Kundi ni lilelile, ila uamuzi umegeuka kabisa.

Namna ya kutofautisha: pasua yai taratibu upande wa butu, penye chumba cha hewa, utazame juu ya kiini. Doa dogo jeupe lililoshikana pamoja, lisilo na umbo la duara kamili, ni yai lisilo na mbegu. Doa pana lenye rangi ya maziwa, au pete ya damu, ni kiinitete (kifaranga anayeanza kuumbika) kilichokufa. Taa peke yake haikuonyeshi tofauti hiyo kwa yaliyokufa siku mbili tatu za kwanza, kwa hiyo usiandike kitu kabla ya kupasua.

Safu ninazoziona za lazima, iwe karatasi au kompyuta: shamba na umri wa wazazi kwa wiki, tarehe ya kutagwa, siku za stoo, namba ya seta, yasiyo na mbegu, waliokufa siku 1–7, 8–14, 15–21, waliodonoa wasitoke, yaliyooza au kupasuka, vilema, wa kuuza. Jumla ya safu za mwisho lazima ilingane na 4,800. Isipolingana, usifunge ukurasa.

Bi_Makorora
Naitetea karatasi, lakini siyo kaunta buku. Kadi moja kwa kila trei, rangi moja kwa kila shamba, na iandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu unachujuka dawa ya kuulia vijidudu ikigusa, na ndani ya hacha unyevu unafika asilimia 70 na zaidi.

Kumbukumbu zinapopotelea hasa ni siku ya 18. Mayai yanatolewa trei za seta yanawekwa kwenye vikapu vya hacha, mtu anaona kikapu kina nafasi anajaza na mayai ya shamba la pili. Tangu dakika hiyo huna tena hesabu ya shamba lolote. Kadi ihame na mayai yake, na kikapu kilichopungua kibaki kimepungua.

Halafu kaunta buku inayotembea kutoka chumba cha hacha kwenda chumba cha seta inabeba vumbi la manyoya, na vumbi hilo ndilo linalobeba salmonela na ukungu. Simu mnayopokezana ina hatari hiyohiyo.

mwanaPongwe
Dada, kwa hiyo niwe na vitabu viwili?

Bi_Makorora
Ndiyo, kila chumba na chake, visikutane. Mtu wa hacha anasoma namba kwa sauti dirishani, mtu wa ofisini anaandika.

jedwali_tu
Kwa ukubwa wako ningechagua Excel, ikilishwa na kadi za Bi Makorora siku hiyohiyo. Faida yake ni kulinganisha: shamba A dhidi ya shamba B ndani ya seta moja. Yote mawili yakishuka kwenye seta namba 2 pekee, shuku seta namba 2. Shamba A likishuka kwenye seta zote tatu, piga simu shambani. Kwa hiyo kila seta itie mayai ya mashamba yote mawili, la sivyo ulinganisho huo haupo.

Makosa yanayoharibu majedwali ya namna hii nayajua kwa sura. Kompyuta nyingi zinakuja na mpangilio wa Marekani: ukiandika 4/3 ukimaanisha tarehe 4 Machi, yenyewe inasoma Aprili 3, na siku ya kuhamisha inakwenda kombo. Badili mpangilio kwanza, kisha weka fomula: tarehe ya kuingiza +18 na +21. La pili ni majina. "Shamba A" na "shamba  A" yenye nafasi mbili ni mashamba mawili kwa kompyuta. Tengeneza orodha ya kuchagua, mtu asiandike jina kwa mkono. La tatu, safu moja ya hesabu itoe yote kutoka 4,800 na iwe nyekundu jibu lisipokuwa sifuri.

Faili ikae sehemu mbili, moja nje ya kompyuta hiyo.

fundi_wa_baridi
Programu yenye vihisi msiitupe yote. Kazi yake nzuri ni usiku: umeme ukikatika na jenereta ikagoma, ujumbe unafika kwenye simu kabla seta haijapoa. Pia inaweka mchoro wa joto kwa saa, kitu ambacho mtu anayeandika mara tatu kwa siku hawezi.

Ila kihisi kinapima hewa. Hewa ikiwa 37.5, ganda la yai la siku ya 16 linaweza kuwa limeshapita 38, kwa sababu kiinitete chenyewe kinatoa joto. Lengo la ganda ni karibu 37.8. Chukua kipimajoto cha sikioni, gusa mayai kumi ya katikati ya trei, pembeni na katikati ya troli, uandike. Hiyo safu hakuna programu itakayokujazia. Na kabla ya kulipa, uliza kama unaweza kutoa data zako zote kama jedwali siku ukiacha. Kama haiwezekani, achana nayo.

Kwa hali ya hewa yetu ya Tanga ongezeni vitu viwili ambavyo fomu za kununua mara nyingi hazina. Kwanza, saa ya kutoa mayai stoo. Yai la nyuzi 18 likiingia kwenye hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 linatoka jasho papo hapo, na jasho hilo linapitisha bakteria kwenye vitundu vya ganda. Mayai yanayopasuka siku za mwisho chanzo chake mara nyingi ni hapo. Yapitishe kwenye chumba cha nyuzi 23 hadi 25 kilichokaushwa na AC, na feni ikizunguka.

Pili, uzito. Pima trei ikiwa tupu, kisha ikiwa na mayai siku ya kuingiza na siku ya 18. Mayai 150 ya gramu 60 ni kilo 9. Siku ya 18 yawe kati ya kilo 7.83 na 8.01, yaani yamepoteza asilimia 11 hadi 13. Masika hapa mayai mara nyingi yanabaki mazito kuliko hapo. Vifaranga wanatoka na tumbo kubwa, kitovu hakijafunga, na mteja wa Korogwe anawazika wiki ya kwanza. Dawa ni kupunguza unyevu wa seta. Ukipandisha joto unaleta tatizo jingine.

mtu_wa_seta
Nakubaliana na fundi. Na huyo mteja wa Korogwe apewe namba ya kundi juu ya sanduku: shamba, seta, tarehe. Mpigie siku ya 7 uulize wamekufa wangapi, ujaze safu ya mwisho. Wakipita asilimia 1 kwa wateja watatu wa kundi moja, rudi kwenye kadi za trei hizo.

mwanaPongwe
Nimeelewa. Kadi za rangi na penseli, vitabu viwili, Excel ofisini, kihisi kimoja cha kengele kwa kila seta bila ile programu nzima. Mabaki ya hacha, yaani mayai yasiyoanguliwa, nipasue yote?

mtu_wa_seta
Hapana, utachoka uache. Trei nne kwa kila shamba, moja ya juu, mbili za katikati, moja ya chini ya troli, na ziwe zilezile ulizopima uzito.