Darubini ya usiku ina madoa, tyubu (kile kifaa cha ndani kinachokuza mwanga) imekufa ama?

Bundi wa Malindi:
Wenzangu salama? Nimenunua darubini ya usiku, mtumba, nataka kumtafuta nayo yule bundi mdogo wa Sokoke kule msitu wa Arabuko, sasa jana kuwasha naona nukta tatu nyeusi na moja inang'aa pembeni, na giza likizidi picha yote inachemka kama chenga za tivi. Nimeuziwa bovu?

Jirani wa Gede:
Pole ndugu. Chenga gizani ni kawaida. Nukta nyeusi, zungusha kile kioo cha jichoni, zikizunguka nacho ni vumbi, pangusa taratibu. Zikikaa palepale ziko kwenye tyubu, za pembeni hazidhuru. Ile inayong'aa ndiyo mbaya: ingia chumba cha giza, ziba kabisa lenzi ya mbele, ikiendelea kuwaka basi tyubu ina kasoro, mrudishie aliyekuuzia.

Mvuvi:
Na ukiona vijumba kama sega la nyuki penye mwanga mwingi usishtuke, ila vikionekana hata gizani kataa. Usiielekeze darubini kwenye taa za bodaboda, tyubu yaweza kuungua na doa lisitoke tena.

Bundi wa Malindi:
Nimeziba, bado inawaka tu. Kesho narudi nayo dukani, asanteni sana.