Naombeni ushauri: riwaya yangu ya mwandishi wa habari na staa wa Bongo Movie imekwama sehemu ya 31

Nuru ya Kinondoni
Habari za jioni wanajamvi. Naandika riwaya ya mapenzi, ya wawili walioachana wakaja kurudiana. Mwanaume ni mwandishi wa habari, deski la burudani, hapa hapa Dar. Mwanamke ni staa wa Bongo Movie. Waliachana 2012, wanakutana tena 2022 kwenye msiba wa dairekta aliyewatambulisha. Naitoa kwa sehemu kwenye kundi la WhatsApp na wasomaji wanalipia. Sasa nimefika sehemu ya 31, ndipo wanarudiana, lakini kila niliyemwonyesha anasema dada anarudi kirahisi mno. Nimejaribu mvua, nimejaribu pete, nimempigisha mwanaume magoti mbele za watu. Haiingii akilini. Tatizo liko wapi? Nahitaji jibu mapema, Ijumaa natakiwa kutuma.

Kalamu ya Tanga
Dada Nuru, kama kila sehemu ina maneno 1,800 hivi, umeshavuka maneno 55,000. Hapo si pa kuanza kuwarudisha, ni pa kumalizia. Hadithi ya kurudiana huwakutanisha wahusika mapema, ndani ya sehemu tatu za mwanzo. Sababu ya kuachana msomaji aanze kuinusa hapo hapo, na aijue yote kabla ya nusu ya kitabu. Robo ya mwisho inataka mtikisiko wa pili unaofanana na ule wa kwanza, ili mkosaji awekwe kwenye jaribu lile lile na safari hii achague njia nyingine. Bila hilo msomaji hana ushahidi kwamba mtu kabadilika, ana maneno tu. Na kumbukumbu za zamani zisizidi matukio matatu, kila moja maneno 600 hadi 800. Zikijaa, hadithi ya sasa inasimama na watu wanaanza kuruka kurasa.
Waliachana kwa nini? Hujasema.

Nuru ya Kinondoni
Kutoelewana tu mkuu, mambo ya kazi. Huyu gazetini mpaka usiku, huyu lokesheni. Mimi naona shida ni lugha ya sura yenyewe. Niongeze mahaba?

Kamera Moja
Kabla ya mahaba, isimamishe vizuri 2012. Filamu ilikuwa inatoka kwenye DVD, mara nyingi imekatwa sehemu ya kwanza na ya pili, na msambazaji wa Kariakoo anainunua jumla kwa malipo ya mara moja. Mauzo yakipanda, mwigizaji haoni kitu. Ndiyo maana sura ya mtu iliweza kuwa kwenye kila kibanda cha DVD na mwenyewe bado amepanga chumba na sebule. Ukiliandika hilo, msomaji ataelewa jinsi kukosa nafasi mbili tatu kunavyoweza kumwangusha mtu. 2022 ni dunia nyingine: tamthilia za televisheni na YouTube, sehemu inatoka wiki hii na maoni yanaingia usiku huo huo. Na kama hadithi yako inapita 2012, usiuruke msiba wa Steven Kanumba, staa wa Bongo Movie, Aprili. Mwigizaji yeyote wa Dar wa mwaka ule angekuwa Kinondoni siku ile ya maziko, au angekuwa na sababu nzito ya kutokuwepo. Hiyo sababu peke yake ni sura nzima.

Shangazi wa Magomeni
Mwanangu Nuru, hakuna mwanamke anayekaa miaka kumi na donge moyoni kwa ajili ya "kutoelewana". Huyo kijana alimfanya nini mtoto wa watu?

Nuru ya Kinondoni
Haya shangazi. Prodyuza alimtaka kimwili ndipo ampe nafasi kuu. Usiku ule dada akashikilia alama ya maikrofoni kwenye WhatsApp, akamsimulia mpenzi wake yote huku analia. Mwandishi akayachapa maneno yale ukurasa wa mbele, na jina la dada limo. Lakini nia yake ilikuwa njema jamani, alitaka prodyuza aumbuke! Dada ndiye aliyekosa kazi. Hapo sibadilishi, ndipo roho ya hadithi ilipo.

Deski la Habari
Usibadilishe, ni pazuri sana. Ila sasa tumejua kwa nini sehemu ya 31 haisimami.
Mwandishi mwenye uhusiano na chanzo chake anamweleza mhariri na kumwachia mwenzake habari. Aliyefanyiwa unyanyasaji wa kingono hatajwi jina bila ridhaa yake, na kutotajwa jina ni pamoja na kuacha filamu aliyokuwa anashuti, mtaa anaokaa, na chochote ambacho jirani akisoma atasema "ni fulani". Mtuhumiwa naye anapigiwa simu kabla gazeti halijaenda mtamboni, apewe nafasi ya kujibu. Mhusika wako aliyavunja yote haya siku moja. Kwa hiyo dada alisalitiwa na mpenzi, akasalitiwa na mwandishi, na wewe unamwombesha radhi mpenzi peke yake. Mwandishi hajafungua mdomo.
Jaribu la pili analolisema Kalamu ya Tanga hili hapa: 2022 waigizaji wachanga wanamlalamikia prodyuza yule yule. Habari inamfuata kijana wako mezani, kubwa kuliko zote alizowahi kuandika. Anamweleza mhariri uhusiano wake wote, anajiondoa, anampa mwenzake namba na nyaraka, na gazeti linatoka bila jina lake. Hao wachanga wanaachiwa waamue wenyewe kutajwa au kutotajwa, na kwenda au kutokwenda TAKUKURU, maana rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Dada aligundue hilo kwa mtu mwingine. Kijana akilisema mwenyewe, ataonekana anadai malipo.

Shangazi wa Magomeni
Na nyumbani kwao dada? Kama 2012 barua ya posa ilikuwa imeshapokelewa, basi aliyevunja aliwavunjia heshima wazee pia. Wawili hawawezi kurudiana hotelini wakati mshenga yule yule yupo hai na hajaambiwa kitu. Mtume mshenga kwanza, arudi mikono mitupu. Baba mdogo akatae hata kumkaribisha ndani. Mwanamke wa kwetu anasikiliza wazee wamesema nini kabla hajasikiliza moyo wake, hata kama ni staa.

Nuru ya Kinondoni
Nawaelewa wote, na hilo la mshenga limenigusa. Lakini wasomaji wameshasoma sehemu 30, siwezi kuchomeka habari ya prodyuza tena. Isitoshe kava zimeshachapwa, 500, zina maneno "Kisa cha kweli". Ni kisa cha kweli, nimesimuliwa na mhusika mwenyewe. Majina nimebadilisha.

Mchapaji Gerezani
Kava zimechapwa kabla kitabu hakijapangwa kurasa? Angalia hesabu. Saizi ya A5, herufi 11, ukurasa unabeba maneno kama 290. Maneno 58,000 ni kurasa 200, weka 8 za mwanzo, unapata 208, yaani mikunjo 13 ya kurasa 16. Kwa karatasi ya gramu 80 hizo ni karatasi 104, mgongo kama milimita 10.5. Ukifuata ushauri wa hapa ukaongeza maneno 9,000, unafika kurasa 240, mgongo milimita 12. Kava ya mgongo mwembamba ikibandikwa kwenye kitabu kinene, jina la mgongoni linahamia pembeni na mkunjo unakaa mahali pasipo pake. Gundi nayo haishiki vizuri kwenye kona. Mgongo hupimwa mwishoni, baada ya kurasa kupangwa. Na namba ya ISBN umeshaipata Bodi ya Huduma za Maktaba? Nafasi yake kava ya nyuma imeachwa?

Sheria Kwanza
Mimi hayo maneno matatu yananitisha kuliko mgongo. Kubadili jina hakukulindi. Kinachoangaliwa ni kama watu wanaomfahamu mhusika wakisoma watamtambua: mwaka, filamu, dairekta aliyefariki, mtaa. Unamwogopa dada, na dada huenda ameridhia. Mwenye sababu ya kukushitaki ni prodyuza. Kitabu kinamtuhumu kosa la jinai na kava inamwambia msomaji kwamba ni kweli. Akija na wakili, ushahidi unao? Na tangazo la ukurasa wa ndani kwamba "wahusika ni wa kubuni" litapingana na kava yako mwenyewe.

Mtaa wa Swahili
Ngojeni kwanza. Hii ni chai, kisa cha kutunga.
Ujumbe wa sauti wa kushikilia maikrofoni kwenye WhatsApp ulianza Agosti 2013. Huyo dada aliutumaje 2012? Halafu sehemu ya 12, ambayo imezagaa hadi kwenye makundi mengine, inasema wiki ile ile alikwenda mubashara Instagram akalia mbele ya mashabiki. Mubashara ya Instagram ni ya Novemba 2016. Aliyeyapitia haya asingekosea mara mbili jinsi yalivyomfikia. Hakuna mhusika aliyesimulia. Watu wanauziwa "kisa cha kweli" kwa sababu kinalipiwa.

Nuru ya Kinondoni
Si chai. Sauti zilikuwa zinatumwa kama faili hata kabla ya 2013. Na mwaka nimeubadilisha makusudi, kumficha mtu.

Mtaa wa Swahili
Faili haina maikrofoni ya kushikilia. Na kama mwaka ni wako, Instagram ni yako, msiba ni wako, kweli iliyobaki ni ipi?

Sheria Kwanza
Mtaa, usimsukume sana, maana umempa habari njema bila kujua. Kama ni ya kubuni, hatari kubwa inaondoka. Prodyuza hayupo, dada hayupo, na dada Nuru ana uhuru wa kuandika atakavyo. Kinachotakiwa ni kava iseme "Riwaya". Kama kuna mtu nyuma yake, neno hilo hilo linamsitiri vizuri zaidi kuliko jina la bandia. Hatuhitaji kujua ni lipi kati ya mawili.

Deski la Habari
Na hapo kwenye 2012, ondoa WhatsApp kabisa. Mpe mwandishi kinasa sauti cha kazini. Dada anasimulia akiwa ameketi jirani yake, taa nyekundu inawaka mezani chini ya gazeti, naye hajui. Ujumbe alioutuma mwenyewe unamwachia kijana kisingizio kwamba aliletewa. Kinasa sauti kinamnyima.

Nuru ya Kinondoni
Hicho kinasa sauti nakichukua. Maneno ya kava nitayafunika kwa stika iliyoandikwa "Riwaya". Lakini sehemu ya 31 naituma Ijumaa kama ilivyo, watu wameshalipia.

Mchapaji Gerezani
Stika juu ya kava ya laminesheni inabanduka kona kwa joto la Dar. Kwa kuwa mgongo nao utabadilika, chapa upya, gramu 250 au 300, ukishamaliza kurasa.

Kalamu ya Tanga
Usiitume kama ilivyo, dada. Wamelipia sehemu, hawajalipia kurudiana. Ijumaa watumie maneno 1,500 kutoka upande wa dada peke yake, kwa mara ya kwanza tangu hadithi ianze: mshenga ameondoka, baba mdogo amefunga mlango, na yeye yuko jikoni amesikia kila kitu. Asiamue lolote. Hiyo inakupa wiki nzima ya kumwandaa prodyuza, na wasomaji hawatajua kwamba umebadilisha njia. Jina la prodyuza lipite mara moja tu kwenye sehemu hiyo, kwenye simu ya binti wa jirani anayekwenda usaili kesho asubuhi.