Tupeane uzoefu: kebo, draiva na programu za kutuni injini

Chuma_Boksa
Wakuu, tukusanye hapa ujuzi wa kusakinisha programu za kutuni na draiva za kebo zake. Tunaomba hatua kamili, tena na sababu zake.

Naanza na Subaru za turbo kutoka Japani: Impreza WRX, Forester, Legacy. Vifaa ni kebo ya Tactrix Openport 2.0, EcuFlash ya kusoma na kuandika ECU (kompyuta ya injini), na RomRaider ya kuhariri ramani (majedwali ya petroli na wakati wa cheche) na kurekodi data.

Kebo isichomekwe mwanzoni. Sakinisha EcuFlash kwanza, kwa sababu ndiyo inayobeba draiva za Openport. Ukitanguliza kebo, Windows huitafutia draiva yenyewe na kifaa hubaki na alama ya njano. Ikishatokea hivyo, fungua Device Manager, ondoa kile kifaa pamoja na draiva yake, chomoa kebo, sakinisha upya, kisha chomeka. Chomeka kwenye tundu la laptopu lenyewe, habu weka pembeni.

Mtego wa pili ni Java, na huu unakula siku nzima za watu. RomRaider huongea na kebo kupitia faili liitwalo op20pt32.dll, nalo ni la biti 32. Ukiwa na Java ya biti 64, programu inafunguka vizuri kabisa, halafu inakaa inatafuta ECU bila kuipata. Weka RomRaider ya biti 32 na Java ya biti 32, hata kama Windows yako ni ya 64. Na ufunge EcuFlash kabla ya kufungua RomRaider, kebo haitumiki na programu mbili kwa pamoja.

Nyaya_Nyekundu
Naongezea faili za maelezo, zile zinazoiambia programu kila thamani iko wapi ndani ya ECU. RomRaider inahitaji mawili tofauti: moja la kuhariri ramani, jingine la kurekodi. Wengi hupakia moja wakadhani wamemaliza. La kurekodi lipo toleo la vipimo vya metriki, chukua hilo usome kPa na nyuzi za Selsiasi.

Ukiona vigezo vya kawaida vipo, yaani mizunguko, joto la maji na kadhalika, lakini IAM (kigezo ambacho ECU hukishusha ikisikia injini ikigonga) haionekani kabisa, draiva haina kosa. Namba ya ECU yako haimo kwenye faili. Tafuta faili jipya zaidi, au linganisha ile namba inayoonekana chini ya dirisha na zilizomo ndani ya faili.

Mama_Gereji
Kabla hamjafika kwenye ramani, umeme jamani. ECU nyingi zinazokufa zinakufa kwa betri. Volti zikishuka katikati ya kuandika, nusu ya kumbukumbu imefutwa na nusu haijaandikwa.

Pima betri kwa mita swichi ikiwa ON, injini imezimwa. Ikisoma chini ya 12.3, usianze. Bora zaidi tumia pawa saplai iliyotulia, volti 13.5, yenye uwezo wa ampea 30 au zaidi. Chaja ya kawaida ya gereji haifai, umeme wake una mawimbi. Wala usiunganishe gari jingine linalonguruma, altaneta yake inaleta mawimbi hayo hayo. Zima taa, redio, feni ya AC. Laptopu izuiwe kulala na masasisho ya Windows yasimamishwe. Skrini ikizima kwa kulala, USB nayo hukatika.

Kisukuku_EJ20
Mkuu wa kwanza umeruka konekta za kijani, na bila hizo Subaru nyingi za kabla ya takriban 2007 hazikubali kuandikwa.

Ziko chini ya dashibodi, jozi moja, mara nyingi zimefungwa kwa tepu kwenye fungu la nyaya. Ziunganishe swichi ikiwa imezimwa, kisha washa hadi ON bila kupiga stata. Utasikia pampu ya petroli ikiwaka na kukatika, rilei zikigonga tik, tik, tik, feni za rejeta zikizunguka na kusimama, na taa ya injini ikimetameta. Asiyejua hukurupuka kuzima akidhani gari limeharibika. Hiyo ndiyo dalili kwamba umepata konekta zenyewe. Kukiwa kimya, hazijashika.

Konekta nyeusi zilizo karibu yake ni za kusoma kumbukumbu ya hitilafu, usizichanganye. Baadhi ya ECU za zamani za biti 16 zinahitaji pia kiunganishi kidogo cheupe. Ukimaliza, tenganisha zote kabla ya kuwasha injini.

Chuma_Boksa
Asante mkuu, kweli niliruka. Basi mpangilio uwe hivi: soma ECU, hifadhi faili la asili mahali pawili, moja nje ya laptopu. Ukubwa wake ukuambie kama limekamilika: ECU yenye chipu ya SH7055 hutoa KB 512, ya SH7058 hutoa MB 1. Kisha tumia "Test Write" ya EcuFlash, ambayo hupita hatua zote bila kufuta chochote. Ikikwama hapo, hujapoteza kitu. Ikipita, ndipo uandike.

Na ikikatika katikati ya kuandika kwenyewe: USIZIME SWICHI. Acha umeme ulipo, anza kuandika tena faili lile lile. Mara nyingi inakubali.

Tundu_la_OBD
Vipi kebo za kopi za Openport? Ziko kila mahali kwa bei ya chini.

Nyaya_Nyekundu
Zinasoma, nyingine hata zinaandika. Hatari yake iko kwenye femuwea, yaani programu iliyo ndani ya kebo: EcuFlash ikiona ya zamani hutaka kuisasisha, na kopi inaweza kufa hapo hapo. Kwa kurekodi data tu, sawa. Kwa kuandika ECU ya mteja, hapana, sikubaliani nazo.

Upande wa Volkswagen na Audi za zamani, zile kebo za KKL (za USB za kuongea na ECU), tatizo ni chipu. FT232 ya kampuni ya FTDI ni nzuri, lakini feki zake zimejaa. Mwaka 2014 draiva ya FTDI iliyokuja na masasisho ya Windows ilibadilisha namba ya utambulisho ya chipu feki kuwa 0000, kebo zikaacha kuonekana. Ukiona maneno "NON GENUINE DEVICE FOUND!" kwenye data, ujue unayo feki.

Ukiwa na halisi, ingia Device Manager, mali (Properties) za mlango wa COM wa kebo, Advanced, shusha "Latency Timer" kutoka 16 hadi 1. Hapo hapo chagua COM kati ya 1 na 4, programu za zamani hazioni namba kubwa.

Mdau_wa_Speeduino
Kwa wanaojenga ECU wenyewe kwa Speeduino, ECU ya kujitengenezea juu ya Arduino: bodi nyingi za Arduino Mega 2560 za bei nafuu zina CH340 badala ya chipu ya asili, kwa hiyo sakinisha draiva ya CH340. Kwenye TunerStudio, programu ya kuituni, weka kasi 115200. Ikisema saini hailingani, faili la INI (maelezo ya ECU kwa TunerStudio) ni la toleo tofauti na femuwea. Pakia INI ya toleo lile lile, usibofye kuendelea, maana thamani zitaandikwa kwenye anwani zisizo zake.

Kabla ya yote funga taimingi (wakati wa cheche) kwenye nyuzi 10, piga taa ya taimingi kwenye puli, rekebisha pembe ya triga (sensa ya mzunguko wa injini) hadi alama na skrini viseme kitu kimoja.

Kisukuku_EJ20
Baada ya kuandika Subaru, rekodi kabla ya kukanyaga. Kwenye K-line, waya wa mawasiliano wa ECU za zamani, kasi ni biti 4800 tu kwa sekunde, kwa hiyo chagua vigezo visivyozidi 8: mizunguko, mzigo, busti (shinikizo la turbo), taimingi, IAM, FBKC na FLKC (marekebisho ya taimingi ECU ikisikia mgongo, ya papo hapo na ya kujifunza), sensa ya hewa. Ukiweka 25, kukanyaga kote kwa gia ya tatu kutakupa mistari michache isiyo na maana.

IAM iwe 1 kwenye ECU za biti 32, au 16 kwenye za biti 16. Ikishuka, injini inagonga. Ramani za Japani zilitungwa kwa petroli ya daraja la juu, ambayo kiwango chao ni oktani 96 kwenda juu. Kama kituo chako hakiuzi hiyo, punguza busti na taimingi kwanza, kisha urekodi upya.