Tupeane uzoefu: Mombasa ya 1966 hadi 1969, peni yako ilinunua nini?

Mwana wa Kibokoni (mleta mada)

Assalamu alaikum, na salamu kwa wote. Wiki iliyopita tulikuwa twafungua kasha la marehemu mama. Chini kabisa, ndani ya kipande cha leso kilichofungwa fundo, nikakuta peni kumi na moja zimetungwa uzini. Ni zile za tundu, za Afrika Mashariki, za kabla ya hizi zetu. Nilikaa kitako papo hapo sakafuni, nikashindwa kuendelea na kazi.

Kwa vijana: peni ni senti kumi, ndururu ni senti tano, thumni ni senti hamsini. Noti za Kenya zilianza kutoka tarehe 14 Septemba 1966, na sarafu za mwanzo zimeandikwa mwaka huo huo. Zilikuwa na kichwa cha Mzee Kenyatta, na tundu hazina. Mama alizinung'unikia kwa miezi. "Pesa gani hizi hazitungiki?" Alikuwa na mazoea ya kuzitia uzini na kuuning'iniza msumarini nyuma ya mlango wa jikoni, akatutuma sokoni Marikiti na uzi mzima. Zilipokuja hizi mpya akawa azifunga pindoni mwa leso, zikawa zaponyoka njiani.

Nawaomba waliokuwa Mombasa miaka ile watupe yao. Mlinunua nini, jioni mlikwenda wapi, habari za ulimwengu ziliwafikiaje. Ya vitabuni tutayasoma wenyewe, hapa tuambiane yaliyopita nyumbani kwenu. Naanza mimi. Peni moja, mahamri mawili. Ndururu, mbaazi za nazi, na bakuli waja nalo mwenyewe kutoka nyumbani. Ukilisahau warudi mbio, na ukifika safu imekuwa ndefu.

Na swali langu jingine: mbona kumi na moja? Mama alikuwa mtu wa hesabu. Hakuwa akiacha kitu nusunusu.

Mtoto wa Kuze

Waalaikum salaam ndugu yangu. Pole kwa mama. Kwetu Kuze peni ilikuwa hamri moja, lakini lilikuwa hamri la kujaza kiganja, na iliki waisikia kutoka mwanzo wa kichochoro. Asubuhi mzee wa kahawa apita na dele lake, agonganisha vikombe, na babangu hatoki barazani mpaka anywe viwili.

Mimi peni zangu zote ziliishia sinema. Regal, Naaz, Majestic, hizo tatu nilizijua kuliko darasa. Viti vya mbele kabisa, shingo imeinuka, shilingi moja. Shilingi ni peni kumi, na kuzikusanya ilinichukua wiki mbili za kutumwa na majirani. Filamu za Kihindi ndizo zilizojaza watu. Raj Kapoor na Dilip Kumar tuliwajua kama tuwajuavyo wajomba zetu, na Kihindi hatukijui, lakini penye kulia twalia.

Halafu lilikuwapo jambo ambalo sijaliona mji mwingine. Nyimbo za filamu ile hukawii kuzisikia arusini kwa maneno ya Kiswahili. Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab, alikuwa hodari wa hilo. Sauti ya Bombay, mashairi ya Mvita, na kila mstari una fumbo ndani yake. Wamama nyuma ya pazia wakisikia beti wanyamaza kwanza, wapime limemlenga nani, ndipo wapige vigelegele. Siku ya pili mtaa mzima wabishana maana yake. Mimi nilijifunza Kiswahili kizuri pale, kwenye mikeka ya arusi, si kwa mwalimu.

Kuli wa Zamani

Nimesoma nikatabasamu. Mimi sikuwa mtoto miaka hiyo, nilikuwa kijana wa mabega. Niliingia bandari ya Kilindini 1965, bila kazi ya kudumu. Wafika getini kabla ya jua, wasimama, jina likiitwa waingia, lisipoitwa warudi nyumbani kwa miguu, maana nauli ya basi ni afadhali uibakishe iwe ya unga. Nilirudi hivyo mara nyingi. Mke wangu hakuniuliza neno. Aliangalia uso wangu tu, akajua sufuria ataipima vipi.

Makontena hatukuyajua. Kila kitu kwa gunia, kwa kasha, kwa winchi na kwa bega. Gunia la kahawa kilo 60. Kahawa ile imetoka Uganda na bara kwa gari la moshi, na pamba, na chai, na magadi. Meli moja yaweza kukaa siku kadhaa gatini ikijazwa. Harufu ya kahawa mbichi bado naijua, ni kama nyasi kavu, haifanani hata kidogo na ya kwenye dele.

Juni 1967 vita vya Waarabu na Waisraeli vilipofunga Mfereji wa Suez, sisi tuliviona kwa macho. Meli za Ulaya zilizokuwa zikitujia kwa njia ya Aden zikawa zazunguka Afrika nzima, zapitia Rasi ya Tumaini Jema. Zilizotoka kaskazini sasa zaja kutoka kusini. Bidhaa zachelewa, barua zachelewa, na dukani kila kilichopanda bei muuzaji akwambia "Suez". Na mfereji ule ulikaa umefungwa mpaka 1975.

Lakini nenda Bandari ya Kale msimu wa kaskazi: majahazi ya Uarabuni na ya Ghuba yaja vilevile na upepo wao. Tende, papa mkavu, mazulia, makasha. Wakirudi na kusi wachukua boriti. Wao hawakuuhitaji mfereji wa mtu.

Makupa 1958

Mzee Kuli, umenikumbusha Novemba ya 1967 hiyo hiyo. Babangu alikuwa baharia, akituletea pauni kutoka Uingereza. Pauni moja ni shilingi 20, hesabu nyepesi, hata mimi wa miaka tisa naijua. Siku moja mama akaenda kubadilisha, akapewa shilingi 17 na senti 14. Alisimama pale akidhani amedhulumiwa. Kumbe Waingereza wameshusha pauni yao, na Kenya haikushusha shilingi. Akarudi nyumbani akazipanga mezani, akazihesabu upya, na karo ya kakangu ikapungua kwa kiasi kile kile. Alikwenda kumwomba mwalimu mkuu ampe mwezi mmoja. Alivaa buibui lake jipya siku ile, nakumbuka, kwa sababu ya kwenda kuomba.

Bi wa Mwembe Kuku

Nami niseme yangu, ingawa ni ya huzuni kidogo.

Jirani zetu wa ukuta kwa ukuta walikuwa Wahindi, wenye duka la vitambaa mbele na nyumba nyuma. Kitambaa kilipimwa kwa yadi, mchele kwa ratili na pishi, na bwana mwenye duka alikuwa na daftari la mkopo ambalo mama yangu hakuwa akitiwa ndani yake kwa jina, ameandikwa "jirani" tu. Binti yao alikuwa rika langu. Tulicheza kibemasa uani, tulisukana nywele, Diwali nakula kwao, Idi yeye yuko nasi uwanja wa Makadara kwenye pembea, ameshika achari mkono mmoja na mkono mwingine amenishika mimi.

1967 zikaja sheria mbili: ya uhamiaji, iliyotaka asiye raia awe na kibali cha kazi, na ya leseni za biashara, iliyompangia asiye raia auze nini na wapi. Baba yake hakuwa amechukua uraia. Alikuwa na pasipoti ya Uingereza na alidhani yatosha. Kisha ikasikika kwamba Uingereza nako kutafungwa mlango, na kweli, Machi 1968 sheria yao ikaanza kazi. Mwezi wa Februari ule watu walikuwa wakikimbilia ndege usiku na mchana.

Hawa wetu hawakuwahi. Wakaamua Bombay. Wakatandaza vitu vyao barazani: masufuria ya shaba, kabati la kioo, cherehani, picha zilizotiwa fremu. Wapita njia wabishania bei ya vitu nilivyovijua mahali pake ndani ya nyumba. Mama yangu alinunua kinu chao cha viungo, akalipa bei waliyotaja bila kupunguza hata thumni, na mama alikuwa mpunguzaji wa kuogopwa Marikiti nzima.

Tuliwasindikiza Kilindini. Meli za Bombay zilikuwa Karanja na Kampala, wao walipanda Karanja. Rafiki yangu alivua bangili zake za kioo, za kijani, sita, akanipa tatu. Mbili zilivunjika nilipokuwa najifungua mwana wangu wa kwanza. Moja ninayo. Jina lake sitaliandika hapa, lakini kama asoma Kiswahili bado, ajue kinu kiko na iliki twaiponda humo humo.

Likoni Ng'ambo

Bi, nimeshindwa kuendelea na kazi yangu baada ya kukusoma.

Yangu ni fupi. Kwetu ng'ambo mji ulikuwa safari. Feri ikiharibika wakwama mchana mzima. Mara ya kwanza kupita chini ya zile pembe kubwa za ndovu, za kutengenezwa, barabara ya Kilindini nilimshika baba suruali, nikidhani kuna ndovu wa ukubwa huo.

Mbarazani wa Majengo

Habari mlizipata vipi, ameuliza mleta mada. Redio! Mombasa haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1970. Redio ya mbao iko kwa mwenye mkahawa, yafunguliwa kwa sauti ya mtaa mzima. Sauti ya Kenya, na Idhaa ya Kiswahili ya BBC kutoka London, iliyoanza 1957. Taarifa ya habari ikianza hata bao lasimama, kete mkononi.

Oktoba 1968, Michezo ya Olimpiki, Mexico. Naftali Temu ametuletea dhahabu ya mita 10,000, ya kwanza kabisa kwa Kenya, kisha Kipchoge Keino mita 1,500. Watu walikumbatiana ambao jana yake walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mpira. Na mpira Mombasa ulikuwa jambo zito: timu yetu ya Feisal walichukua ubingwa wa Kenya 1965, na miaka mitatu baadaye bado ilikuwa yasimuliwa kama ya jana.

Lakini Julai 1969 ndio mwezi nisioweza kuusahau. Jumamosi tarehe 5, mchana, Tom Mboya akapigwa risasi Nairobi. Mkahawani hapakuwa na kelele. Mwenye mkahawa aliizima redio, akaiwasha, akaizima tena. Vijana wengi wa bandarini walikuwa watu wa bara, na Mboya kwao alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi kabla ya kuwa waziri. Niliwaona watu wazima wameketi ukingoni mwa barabara, kofia mikononi.

Wiki mbili baadaye, Jumapili usiku kuamkia Jumatatu, Wamarekani wakafika mwezini. Tumetoka msikitini sala ya alfajiri, mwalimu mmoja ameshika redio ndogo ya betri, Kiingereza chakoroma ndani yake, naye atufasiria: ameteremka ngazi, amekanyaga. Ilikuwa haijatimu saa kumi na mbili. Sote tukainua nyuso juu. Mzee mmoja alisema haiwezekani, mwezi ni nuru. Mwingine akasema Mungu amempa mwanadamu elimu, wacha aende. Walibishana mpaka jua likawa kali, kwa adabu kubwa, na sisi watoto tukaambiwa tusikilize.

Mwaka huo huo pia kijana wetu wa Mvita, Abdilatif Abdalla, mshairi, alifungwa jela kwa waraka alioandika wa kuikosoa serikali. Miaka mitatu. Hilo halikusemwa kwa sauti. Lilisemwa barazani, mtu akiangalia kwanza nyuma yake. Alipotoka alikuwa na mashairi aliyoyaandika gerezani, na wengi wetu twayajua kwa moyo.

Mjukuu wa Tudor

Shikamooni nyote. Mimi ni wa 1991, nasoma tu. Naomba kuuliza, watoto walikuwa wanafanya nini siku za kawaida, zisizo za sikukuu?

Mtoto wa Kuze

Marahaba mwanangu. Chuoni kusoma Kurani asubuhi, shule, chuoni tena, kisha kuogelea pwani penye mawe hata kama umekatazwa. Jioni viazi karai na ukwaju. Ijumaa kutwa unasubiri jioni watu watoke kwenda kupunga upepo baharini, upande wa Mnara wa Taa, na muhogo wa kukaanga wa ndururu kwenye karatasi. Umeshiba.

Bi wa Mwembe Kuku

Mwana wa Kibokoni, nimelala na swali lako la peni kumi na moja. Mama yangu pia alitunga. Uzi ni peni kumi, shilingi kamili, usihesabu mara mbili sokoni. Lakini uzi wa Ijumaa ulikuwa na moja ya ziada, ya sadaka. Yatolewa kwanza, kabla ya kununua chochote. Muulize mtu wa kwenu mkubwa kuliko wewe.

Mwana wa Kibokoni (mleta mada)

Bi, nimempigia dadangu mkubwa sasa hivi, yuko Malindi. Sikumaliza hata kuuliza. Amesema ya kumi na moja ilikuwa ya mzee asiyeona aliyekaa mlangoni mwa Msikiti wa Mandhry, na yeye dada ndiye aliyetumwa kumpelekea, na mzee yule aliipapasa tundu kwa kidole akajua ni peni. Zilipokuja hizi mpya akawa amwuliza kila mara, "Hii ni ngapi, mwanangu?"