Ukumbi wa vioo, jimu au hotelini: anayeanza salsa Mombasa aende wapi?

Bi_Tudor
Habari zenu. Sijui hata hatua moja ya salsa. Saa zinazonifaa ni za sehemu tatu: ukumbi wa dansi wenye vioo Nyali, darasa la jimu mjini, na hoteli ya Bamburi inayofundisha saa nzima kisha muziki unaendelea. Navaa buibui na sitaki kuaibishwa. Niende ipi, na nijiandae vipi?

Mdundo_wa_Nane
Dada, cha kupima si jengo, ni kinachofanyika mtu akikosea. Jimu, muziki hausimami na kila mtu anaiga peke yake. Jasho litakutoka, lakini kucheza na mwenzio hutajua. Hotelini kila wiki kuna wageni wapya, kwa hivyo kila wiki somo ni lile lile la mwanzo. Ukumbi wenye darasa la wanaoanza peke yao ndio ninaouchagua, kwa sharti moja: nenda ukatazame darasa zima kabla hujatuma M-Pesa.

Kaa pembeni, umkazie macho yule dhaifu kuliko wote. Akipotea, mwalimu anazima muziki na kurudi kwenye hesabu, au anamwacha ajitafutie? Na wakongwe je, wanakuja kucheza na wageni au wamejazana kona yao?

Angalia pia mwalimu anavyosimama. Akikupa mgongo nyote mkitazama kioo, kulia kwake ni kulia kwako. Akikugeukia bila kubadilisha mguu, darasa zima litaanza na mguu usio wake.

Soli_ya_Swedi
Mimi sakafu kwanza, mwalimu baadaye. Mbao zilizoinuliwa kidogo zinanesa na kupokea uzito. Saruji yenye tailisi inaurudisha wote gotini. Simama kwa sehemu pana ya unyayo iliyo chini ya vidole, ugeuke robo. Kiatu kikigoma na goti likaenda, kiatu hicho si cha dansi. Raba za kukimbilia ndizo mbaya hapo, maana zimetengenezwa zishike chini.

Mwezi wa kwanza usinunue kitu. Kiatu chepesi cha soli iliyolika, chenye mkanda kifundoni, kinatosha. Ndara hapana, itaruka kwenye mzunguko wa kwanza. Ukinogewa, fundi viatu atakubandikia soli ya swedi, ile ngozi laini yenye manyoya, ila swedi na maji ni maadui: mvua za Aprili na Mei beba viatu kwenye mfuko, uvalie ndani.

Na kwa joto letu hili, jasho likidondoka kwenye tailisi panateleza kama sabuni. Tazama kama kuna feni za kutosha na kama kuna mtu anayepangusa.

Bi_Tudor
Shukran. Na kushikana mikono na wanaume nisiowajua?

MamaWaKisauni
Mwanangu, hilo uliza mapema. Madarasa mengi ya salsa hubadilisha wenzi kila baada ya dakika chache. Waandikie: "Naweza kucheza na wanawake pekee?" Wakikujibu watakupanga na mwanamke anayeongoza hatua, nenda. Wakikujibu "utazoea tu", usijisumbue.

Kizomba, dansi ile ya Angola, huchezwa kifua kwa kifua, na bachata, ile ya Jamhuri ya Dominika, mara nyingi hukaribiana. Salsa huacha nafasi kati yenu, kwa hivyo anzia hapo.

Buibui la mikono mipana litanasa mkononi mwa mwenzio. Vaa suruali pana na gauni la kufika magotini. Mtandio ufungie nyuma, maana pini ya begani itamchoma anayekushika. Pete na bangili ziache nyumbani, kucha zikatwe.

Mdundo_wa_Nane
Naongeza la miguu, hapo ndipo wengi hukwama. Hesabu ni nane: unakanyaga 1, 2, 3, unatulia 4, unakanyaga 5, 6, 7, unatulia 8. Anayeanza huweka uzito kwenye 4, basi mguu unaotakiwa kuondoka kwenye 5 unakuwa ndio umebeba mwili. Hapo anaruka, na mwenzake anavutwa. Kwenye bachata ile 4 ni kugusa sakafu tu, bila kuweka uzito.

Hatua isizidi urefu wa kiatu chako. Ndefu haiwahi kurudi.

Kama umecheza chakacha harusini, kiuno unacho. Lakini chakacha huenda tatu tatu na salsa nne nne, kwa hivyo miguu itabishana na kiuno mwanzoni. Waulize pia wanavunja hatua, yaani wanageuza mwelekeo mbele au nyuma, kwenye 1 au kwenye 2, kama mtindo wa New York. Kuchanganya kumbi mbili zinazotofautiana hapo ni kujitafutia kizunguzungu.

Kivuko
Darasa la saa kumi na mbili jioni, toka Tudor saa kumi na moja. Daraja la Nyali saa hizo ni jamu ya wanaotoka kisiwani. Ufike dakika 15 kabla, umwambie mwalimu ni mara yako ya kwanza na kama una goti au mgongo unaouma. Maji lita moja, taulo ndogo, nguo ya kubadilisha. Kula masaa mawili kabla ya darasa. Viazi karai viache mpaka ukirudi.

Soli_ya_Swedi
Na lipia darasa moja moja kwanza. Kifurushi cha madarasa 8 kwa shilingi 4,000 ni 500 kila moja; ukihudhuria 5 tu, kila moja limekugharimu 800. Uliza yasiyotumika yanakufa mwisho wa mwezi au yanasogezwa, na Ramadhani wanafanyaje.

Bi_Tudor
Alhamisi naenda Nyali kutazama. Viatu vya mkanda ninavyo.