Nimerudi Malindi baada ya miaka sita, wapi papya pa kula siku hizi?

MtotoWaBarani

Salaam alaikum wadau, habari za siku nyingi. Mimi mzawa wa mtaa wa Barani hapa Malindi ila nilikuwa Doha miaka sita, nimerudi wiki jana na mke wangu ambaye kwao ni Kisumu (ile ya ziwa jamani, sio Kisumu Ndogo yetu hapa, nishachoka kueleza watu).

Nilipoondoka nilikuwa najua pa kula hata ukinifunga macho. Asubuhi mahamri na mbaazi, jioni viazi vya karai na muhogo pale Shella, mshahara ukiingia biriani. Sasa hivi nikipita Lamu Road naona taa za rangi, viti vya kuning'inia, kila mlango wa tatu shawarma, na zile sehemu ninazozitafuta mimi zimegeuka maduka ya simu.

Juzi nikajitia ujanja nikaingia moja mpya mpya, jina silitaji manake sitaki kesi. Mashallah inapendeza, ina ukuta mzima wa maua ya plastiki wa kupigia picha. Nikaagiza samaki wa kupaka ili mke aonje cha kwetu. Tulikaa saa moja na dakika arubaini! Kufika sasa, tui ni la pakiti, mimi tui la pakiti nalijua hata nikiwa na mafua, na samaki ukimpasua ndani baridi kama ametolewa friza sasa hivi. Bili elfu tatu mia nne na wameweka na sevisi juu. Mke wangu akaniuliza polepole, huyu ndiye samaki uliyekuwa ukimlilia kule Doha? Wallahi niliona haya.

Naomba mnielekeze mahali papya ambapo chakula ni chakula. Mtaa si shida, iwe Maweni iwe Muyeye, tuktuk zipo. Elfu mbili kwa watu wawili, siku moja tunaweza kupandisha kidogo. Tupo mpaka mwisho wa huu mwezi wa saba.

---

kadzo_254

Karibu nyumbani kaka. Hiyo ya ukuta wa maua usiitaje tushaijua 😂 sisi huenda pale tunaagiza juisi moja ya ukwaju, tunapiga picha zetu, halafu tunatoka kwenda kula kwengine

---

Ummu Swafia

Wa alaikum salaam, karibu na shemeji yetu pia.

Ndugu yangu shida yako ni kuwa unatafuta kwa macho, unaangalia mabango. Mahali papya pa Malindi sasa hapana bango, pako kwa simu. Akina mama wengi wanapika majumbani, wanaweka kwa status ya WhatsApp Jumatano au Alhamisi usiku, unaagiza, unalipa M-Pesa, kesho yake adhuhuri kijana wa bodaboda anakuletea au unaenda kuchukua mwenyewe. Wengine wameshaanza kutoa meza mbili tatu kwa baraza jioni, kwa hiyo hata kukaa unakaa. Ilishika sana wakati wa korona watu walipofungiwa, na baada ya hapo haikurudi nyuma.

Kuna mmoja Shella (nitakutumia nambari inboksi, hapa siweki ya mtu) ana mwaka hivi tangu aanze kuuza. Samaki wake wa kupaka nilisimama nikamtazama akimpika kwa sababu nilitaka kuiba 🙈. Samaki anampasua mgongoni, anampaka tangawizi, thomu, pilipili na ndimu, anamwacha akae. Nazi anakuna mwenyewe kwa mbuzi, lile tui la kwanza zito analipika peke yake na bizari kidogo na ukwaju mpaka liwe kama uji na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Samaki anachomwa kwa makaa, sio moto, makaa, na chini anatupia makumbi mawili ya nazi kwa ajili ya ule moshi. Akishaiva nusu ndio anaanza kupaka. Anapaka, anageuza, anapaka, mara nne tano, mpaka ile ngozi juu inashika rangi na inapasuka pasuka. Hana haraka kabisa. Ukimwambia una njaa anakupa kaimati mbili anakwambia tulia.

Lakini sasa sikiliza, usimwambie unataka nguru au kolekole. Mwezi wa saba ni kusi, bahari imechafuka, mashua ndogo hazitoki nje ya mwamba, na ukiona mtu anakuuzia nguru mkubwa kila siku mwezi huu muulize ametoka lini. Mwambie akuchagulie yeye. Atakupa tafi au changu wa ndani ya mwamba, mdogo mdogo lakini wa leo. Huyo uliyekula nina hakika alikuwa amelala friza tangu kaskazi.

Mia sita samaki mmoja na wali wa nazi na kachumbari.

---

babu_forno

Ummu Swafia amesema kweli na mimi naongeza. Hapa mjini kwetu usifuate hoteli, fuata mkono. Hoteli hubadilisha jina kila msimu, mwenye mali anaondoka anakuja mwengine, anapiga rangi, anasema mpya. Mpishi ni yule yule, au mpishi kaondoka na chakula kimeondoka naye. Kwa hiyo mimi nikisikia kumefunguliwa mahali swali langu ni moja tu, jikoni nani?

Nimepika miaka ishirini na saba kwa mahoteli ya Casuarina na huko mbele, karibu yote ya Wataliano. Nilianza kuosha sufuria. Yalipoanza kufungwa moja baada ya jingine, watalii wamekatika, halafu ikaja korona ikamalizia zilizobaki, sisi wapishi tukarudi mitaani. Watu wanaona hasara, na hasara ilikuwa kweli, watoto wa watu waliacha shule. Lakini angalia pia kilichotokea, mtu aliyekuwa akitengeneza tambi kwa mkono kwa mgeni wa kulipa elfu nne, sasa yuko Maweni anakuuzia wewe kwa mia tatu hamsini kwa sahani ya melamini. Hao ndio wapya unaotakiwa kuwatafuta.

Kuna mwenzangu tulifanya kazi jiko moja, sasa ana kibanda upande wa Muyeye, ana miezi minane. Forno, yaani tanuri la pizza, ameijenga mwenyewe kwa mawe ya matumbawe na udongo, anawasha kuni za mvinje, manake mvinje unawaka mkali na jivu lake halisumbui. Unga anakanda saa nne za usiku, anaufunika kwenye ndoo analala nao mpaka kesho yake magharibi. Hana kile kijiti cha kusukumia, ukimwambia kijiti anakasirika, unga anaufungua kwa vidole toka katikati, pembeni haguzi. Pizza inaingia inatoka chai hujamaliza kukoroga, chini ina madoadoa meusi kama chui. Sasa iliyo yake yeye, ambayo huko hotelini hawakumruhusu kamwe, ni ya pweza. Pweza aliyechemshwa laini, ndimu, pilipili mbichi, thomu, jibini kidogo sana. Mia saba. Inatosha wawili kama hamna ulafi.

Fungua jioni tu, kuanzia saa kumi na mbili na nusu, na unga ukiisha anafunga. Saa tatu ushachelewa.

---

Hassan wa Kibokoni

Babu shkamoo, lakini mtu ametoka Doha anataka chakula cha kwetu unampeleka kula pizza??

---

babu_forno

Marahaba mwanangu. Sasa cha kwetu ni kipi? Wataliano walikuja hapa na roketi zao kule Ngomeni, kituo cha San Marco, miaka ya sitini, setilaiti ya kwanza kutoka lile jukwaa la baharini ilirushwa 1967, na 1970 wakarusha ile setilaiti ikaitwa Uhuru kwa sababu ilikuwa tarehe 12 Disemba. Mimi nilikuwa sijazaliwa na marehemu baba alikuwa anauza samaki kambini kwao. Leo nenda sokoni mwanamke wa Kigiriama anauza nyanya anakupigia bei kwa Kitaliano kizuri kuliko Kiswahili chako. Kitu kikikaa mji wako miaka sitini na kinapikwa na mjomba wako ni cha nani?

Na tambi tunapika kwa nazi na sukari na iliki kila Ramadhani, hujawahi kulalamika.

---

Hassan wa Kibokoni

Hapo kwa tambi umenishika babu 😂😂 ila swali moja la maana, huyo mwenzako nguruwe hagusi? manake hizi za Kitaliano ndio wasiwasi wangu siku zote

---

babu_forno

Hagusi wala hauzi, ni mtu wa msikiti na watu wa mtaa wake wote ni waislamu angeuzia nani. Kwa hoteli kubwa ndio uulize kabla hujakaa, na usiulize weita, uliza jikoni.

---

samwel_mida

Mimi nitatoka nje ya swali kidogo, mnisamehe. Kama ile siku ya kupandisha mna nafasi, shukeni upande wa Watamu muende Crab Shack pale Dabaso, Mida Creek. Sio mpya, ina miaka, lakini kwa shemeji wa Kisumu itakuwa mpya. Ni ya kikundi cha wanakijiji wenyewe, wanafuga kaa kwenye mikoko, mnapita kwa daraja la mbao katikati ya mikoko mpaka mnatokea majini. Ombeni sambusa za kaa. Nendeni saa kumi na moja maji yakiwa yamejaa, jua linazama mbele yenu. Yakiwa yametoka mtatazama tope.

Na hizi sehemu nyingi za Wataliano mnazosikia kule, pigeni simu kwanza. Tangu mvua kubwa zingine hufunga kabisa wenyewe wameenda kwao, na mpaka mwezi wa saba unaisha si zote zimefungua. Nimewahi kulipa tuktuk mia nane kwenda kutazama geti.

---

kadzo_254

Mbona hakuna anayetaja chakula cha Kigiriama hapa? Kila siku Waswahili na Wataliano, na sisi wenye mji? Kuna dada amefungua pale njia ya Ngala, mabati tu na meza nne, anapika sima, mtsunga wa nazi, kimanga cha muhogo, ng'onda (samaki mkavu), na kuku wa kienyeji Jumamosi. Mtsunga wake ni mchungu vile unavyotakiwa, hautoi uchungu wote kwa kuchemsha mara tatu kama wengine wanaoogopa wateja. Mia mbili unashiba mpaka jioni. Mtu wa Kisumu mboga chungu anazijua, mpeleke huyo mke wako hapo uone.

Mchana tu, saa nane sufuria ziko kavu.

---

Ummu Swafia

Kadzo huo mtsunga nimeula, kweli dada anajua. Ila pilipili yake ajaalie Mungu.

---

MtotoWaBarani

Jamani asanteni sana, Mungu awazidishie. Naleta ripoti.

Kwa mama wa Shella tulienda Ijumaa. Nilifuata maneno, nikasema utuchagulie wewe, akatupa tafi wawili. Alipoleta sahani nilinusa ule moshi wa makumbi nikanyamaza kabisa, mke wangu akanitazama akasema sasa nimeelewa kwa nini ulikuwa unalia. Kitu kimoja tu, alikula samaki wake mpaka kichwa, mifupa ya kichwa akainyonya mmoja mmoja, yule mama akaacha kazi akaja kusimama mlangoni kumtazama. Akasema huyu amelelewa na wavuvi. Sasa wamekuwa marafiki, jana wamepigiana simu bila mimi.

Muyeye siku ya kwanza tulifika saa tatu kasorobo, unga umeisha, babu ulinionya na mimi nikaenda kunyoa kwanza. Tukarudi kesho yake saa kumi na mbili na nusu tumekaa kama wanafunzi wa mtihani. Ya pweza hakuna, mzee akasema maji yalikuwa mafu wiki yote, hayatoki sana, wenye mikuki hawajaufikia mwamba, tusubiri bamvua yatakapotoka mbali. Tukala ya nyanya na thomu tu. Wallahi hiyo ya nyanya tu. Nikamtajia kuwa nimeelekezwa na babu mmoja mtandaoni aliyepika naye, akacheka akasema kama ni yule ninayemfikiria mwambie bado ana sufuria yangu.

Njia ya Ngala bado, ni kesho mchana. Kadzo, mke wangu anauliza huyo dada akiletewa omena (dagaa wa ziwa) kutoka sokoni anaweza kumpikia na huo mtsunga, au atatufukuza?

---

babu_forno

Sufuria alinipa mwenyewe.

---

kadzo_254

Hafukuzi mtu, mwambie aje nazo kabla ya saa tano na aje na nyanya zake pia. Na mimi niwekeeni kiti