Siku 4 Norwei kwa gari kutoka Göteborg: tujipange vipi bajeti isipasuke?

MamaWawili_Gbg
Wadau, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mwezi wa saba tunataka kuvuka kwenda Norwei, watu wazima 2 na watoto 2 (miaka 5 na 9), kwa gari letu lenye namba za Uswidi. Mpango ni Oslo usiku 2, halafu Bergen tuone fiyodi (ghuba nyembamba za bahari kati ya milima), turudi. Tutaingia Jumapili. Maswali: chakula tubebe au tununue huko? Ushuru wa barabara unalipwaje? Na kulala hemani porini ni bure kweli? Jingine: kadi ya ukaazi ya baba watoto imeisha muda, ameshaomba upya na anasubiri jibu.

Svinesund_Express
Dada, tuanze na la mwisho maana ndilo linaloweza kuwarudisha njiani. Aliyeomba kuongezewa kibali kabla cha zamani hakijaisha anaruhusiwa kuendelea kukaa Uswidi akisubiri. Ruhusa hiyo inaishia mpakani. Kuingia nchi nyingine ya Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoleana ukaguzi wa kawaida wa mipaka), Norwei ikiwemo, anahitaji pasipoti hai NA kadi ya ukaazi iliyo hai. Barua ya kuthibitisha kwamba ombi limepokelewa haisaidii, na leseni ya udereva ya Uswidi si hati ya kusafiria. Watu hudanganywa na ule mpaka kuwa kimya: kweli magari mengi hupita bila kusimamishwa, lakini ukaguzi wa ghafla upo, kwenye mabasi hasa. Subirini kadi itoke.

Pili, Bergen. Toka Göteborg hadi Oslo ni kama km 300 na barabara ni pana. Oslo hadi Bergen ni kama km 460 za milima, mahandaki na kona. Mwendo wa kawaida ni km 80 kwa saa, na kwenye makazi 50. Hesabu saa 7 hadi 8 bila kusimama. Nendeni na kurudi ndani ya siku 4 na watoto, mtaona vioo vya gari kuliko fiyodi. Ama mbaki Oslo, ama muongeze siku.

Oslo yenyewe ina maji ya kutosha. Boti za visiwani (Hovedøya, Gressholmen, Langøyene) huondokea gati la Rådhusbrygge, na tiketi ni ile ile ya basi na tramu ya Ruter (usafiri wa umma wa Oslo) ya eneo la 1. Chini ya miaka 6 hawalipi, wa miaka 9 analipa bei ya mtoto. Bustani ya sanamu ya Vigeland, paa la jumba la opera na maktaba ya Deichman pale Bjørvika ni bure kabisa.

Mzee_wa_Boksi
Chakula: bebeni. Nyama na jibini kutoka nchi za EEA (Eneo la Kiuchumi la Ulaya, Uswidi imo) mnaruhusiwa hadi kilo 10 kwa kila msafiri kwa jumla. Vitu viwili vinakamatisha watu wetu. Kwanza VIAZI: ni marufuku kuviingiza, hata kimfuko kimoja cha kuchemshia watoto. Pili, nyama au maziwa yaliyotoka nje ya EEA; kile kifurushi cha nyama ya kukausha kutoka nyumbani Afrika kiacheni kwenye friji.

Pombe, kwa anayetumia: lita 1 ya pombe kali, lita 1.5 za mvinyo na lita 2 za bia kwa mtu mzima. Usipochukua kali wala mvinyo, nafasi yake inajazwa na bia, jumla lita 5. Bia na mvinyo ni kuanzia miaka 18, kali miaka 20, kwa hiyo msihesabu mgao wa watoto. Ukizidisha kidogo, tangaza na ulipe kwa programu ya forodha (Kvoteappen) kabla hujavuka. Ukipita njia ya kijani (ya wasio na cha kutangaza) na kilichozidi, hilo ni kosa lenye faini.

Mnaingia Jumapili, na hapo ndipo wengi hukwama. Supamaketi za kawaida zimefungwa. Vinavyofunguliwa ni viduka vidogo na vituo vya mafuta, kwa bei ya kukutoa machozi. Kwa hiyo manunuzi yaishe upande wa Uswidi, na mafuta jazeni huko huko. Kwa kawaida ni nafuu. Kuanzia Jumatatu tafuteni supamaketi za bei nafuu: Kiwi, Rema 1000 au Extra. Kwenye rafu za Kiwi angalieni chapa ya bei ya chini ya First Price. Mkate wa kneipp ndio mkate wa bei ya chini, na unashibisha. Chupa na makopo yana amana ya krona 2 au 3, rudisheni kwenye mashine ya dukani mpewe risiti ya kukatia kwenye manunuzi. Bia za dukani huacha kuuzwa saa 2 usiku siku za kazi na saa 12 jioni Jumamosi, hata kama duka liko wazi.

Mkilipa kwa kadi, mashine ikiuliza krona za Uswidi au za Norwei, chagueni za Norwei. Ile "huduma" ya kubadilishia pale pale inakata zaidi kuliko benki yenu. Swish, ile programu ya Uswidi ya kulipia kwa simu, isahauni.

Fundi_Magari
Ushuru wa barabara: hakuna kibanda cha kusimama. Kamera inasoma namba, na bili inamfuata mwenye gari hadi Uswidi. Mkifunga kifaa chenye mkataba wa AutoPASS (mfumo wa Norwei wa kulipia ushuru huo), gari dogo linapata punguzo la 20%, na katika miji mingi mkipita vituo kadhaa ndani ya saa 1 mnalipa mara moja tu. Oslo imezungushiwa vituo, kwa hiyo kila kuingia na kutoka na gari ni pesa. Egesheni pale mnapolala, mtumie tramu. Programu ya kulipia maegesho ya EasyPark mliyozoea inafanya kazi kule pia. Gari la kukodi ni mtihani mwingine: kampuni nyingi huongeza ada yao juu ya kila bili.

Mwendo sasa. Kuzidisha km chache tu ni zaidi ya krona 1,000. Taa ziwake hata mchana. Pombe kwa dereva mwisho ni promili 0.2 (sehemu 0.2 kwa kila elfu ya damu), sawa na Uswidi.

Hema_na_Jiko
Kuhusu hema, ni bure lakini watu wanaelewa nusu. Sheria ya 1957 inaruhusu kulala kwenye ardhi isiyolimwa, angalau mita 150 kutoka nyumba au kibanda kinachokaliwa, siku 2 mahali pamoja. Haki hiyo ni ya mtu na hema lake, haikupi pa kuweka gari. Ukiegesha kwenye njia ya mkulima na kutandika hema pembeni, uko nje ya sheria. Moto wa kuni msituni na karibu na msitu ni marufuku 15 Aprili hadi 15 Septemba. Bebeni jiko la gesi, na hata hilo liwekwe juu ya mwamba au changarawe.

Kwa watoto hao naona kibanda cha kambini, "hytte", kinafaa zaidi. Kabla ya kubofya someni maandishi madogo: bei mara nyingi ni ya kuta na godoro. Shuka na taulo vinakodishwa kwa kila kichwa, na usafi wa kuondokea unalipiwa usipofanya mwenyewe. Bebeni shuka 4, foronya, taulo, sabuni ya vyombo na dekio. Piga picha jiko na sakafu baada ya kusafisha.

MamaWawili_Gbg
Asanteni sana. Bergen tumeifuta, na safari tunaisogeza hadi kadi itoke. Mzee wa Boksi, vipi chipsi za kugandishwa, nazo ni viazi?

Mzee_wa_Boksi
Katazo linalenga viazi vibichi, kwa sababu ya magonjwa ya mimea. Kama una wasiwasi, beba tambi. Zinaiva upesi na hazichukui nafasi kwenye boksi la barafu.